Paka wa Madrasa Alipopotea



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, sisi wanafunzi wa darasa la nne tumepewa ukurasa huu katika jarida la mwaka, na tumekubaliana tusiandike habari za mashindano wala za safari, bali tuandike habari ya paka. Msomaji akicheka tutamsamehe, kwani hata sisi tulianza kwa kucheka.

Madrasa yetu iko Chang'ombe, hapa Dodoma, ubavuni mwa msikiti. Paka huyo hakuletwa na mtu. Alikuja mwenyewe baada ya mavuno, wakati stoo ya madrasa ilipokuwa na magunia ya uwele na karanga yaliyotolewa na wazazi, na panya wakawa wanatafuna magunia, mikeka na hata juzuu zetu. Katika muda wa mwezi mmoja panya wakaadimika. Hakuwa paka wa kulala ndani. Mara utamkuta juu ya ukuta, mara chini ya mwarobaini, mara uani kwa watu. Kwa sababu ya madoa yake tulimwita Chui, na kila siku mwenye zamu alimletea vichwa vya perege wa Mtera kutoka soko la Majengo.

Siku ya Jumatano moja mwezi wa Julai, baada ya alasiri, Ustadhi alitusomesha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.), inayomhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa, hakumpa chakula wala maji, na hakumwachia nafasi ya kujitafutia riziki yake. Tuliihifadhi siku ile ile, tukashindana nani ataisoma bila kukosea, na darasa zima likafaulu.

Wenyeji wa Dodoma wanaujua upepo wa Julai. Ulikuwa unavuma kwa nguvu, vumbi linaingia machoni, mabati yanagonga, na baridi imeanza. Isitoshe, kesho yake ni Alhamisi, na madrasa yetu hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Basi tulikunja mikeka haraka haraka, tukaitupa stoo, tukapiga kufuli, tukakimbilia majumbani. Ufunguo uligeuzwa na mkono wa mmoja wetu. Hatumtaji, kwa sababu sote tulikuwa tunamhimiza afanye upesi.

Alhamisi jioni mwenye zamu aliweka vichwa vya samaki chini ya mwarobaini kama kawaida. Ijumaa asubuhi vilikuwa vile vile, vimejaa sisimizi. Hapo ndipo tulipojua kwamba Chui hayupo.

Tuligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifuata mtaro wa maji ya mvua, ambao wakati wa kiangazi ni mkavu na paka hupenda kupita humo. Kundi la pili lilikwenda barabarani, kwa sababu tangu Dodoma ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018 magari na bodaboda zimeongezeka, na tuliogopa kumkuta amegongwa. Kundi la tatu lilipiga hodi nyumba kwa nyumba. Tulipoendelea kutafuta baada ya maghrib, tukipaza sauti, "Chui! Chui!", baba mmoja alitoka ndani na rungu, na nyuma yake wanawe wamebeba mawe. Alipojua ni paka alitufokea, kisha akacheka, akatupa tochi.

Mwenzetu mmoja alimwona paka mwenye madoa nyuma ya kibanda cha chipsi, akamrukia. Hakuwa Chui. Akaparuliwa mkono. Mama yake aliuosha mkono ule kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akampeleka kituo cha afya. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wengi hudhani kichaa cha mbwa ni cha mbwa tu, ilhali hata paka hukipata na kumwambukiza mtu. Usimkamate paka usiyemjua, na ukiumwa au kuparuliwa, osha jeraha haraka na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa tunafika mahali ambapo hatupendi kupasimulia. Jirani na madrasa anaishi mzee mmoja mfuga kuku, anayeuza mayai. Miezi michache kabla ya hapo alikuja kumlalamikia Ustadhi kwamba Chui amekula vifaranga wake wawili. Basi ile Ijumaa, tulipokuwa tumechoka na hatujaona kitu, mmoja wetu alisema, "Ni yule babu. Kamwekea sumu." Hakuna aliyeuliza, "Umejuaje?" Katika nyumba tulizopiga hodi baada ya hapo hatukuuliza tena kama wamemwona paka. Tuliuliza kama wamesikia kuwa babu wa kuku ameua paka wa madrasa. Mpaka usiku mtaa mzima ulikuwa nayo habari, na mama mmoja alimzuia mtoto wake asiende kununua mayai kwa yule mzee, akihofia sumu.

Jumamosi alfajiri upepo ulikuwa umetulia. Mzee yule alikuja msikitini mapema, na alipokuwa anatia udhu alisikia sauti nyembamba upande wa madrasa. Akaifuata, akaweka sikio kwenye mlango wa stoo, kisha akaenda kumgongea Ustadhi. Kufuli likafunguliwa. Chui alikuwa juu ya mikeka yetu, macho yametumbukia ndani, sauti imemkauka. Ukutani kulikuwa na dumu la maji ya udhu linalovuja kidogo kidogo, na sakafu ilikuwa mbichi. Ustadhi alisema huenda unyevu ule ndio uliomsaidia, kwa uwezo wa Allah. Panya wa kula hakuwapata, kwani alishawamaliza mwenyewe.

Tulipofika madrasa asubuhi tulimkuta Ustadhi amekaa, na Chui anakunywa maji taratibu kwenye kibakuli. Hakutugombeza. Alisema tu, "Isomeni ile hadithi ya Jumatano." Hakuna aliyeweza kuisoma. Tuliyoihifadhi vizuri Jumatano ndiyo tuliyoitenda Jumatano ile ile, na lau siku zingezidi, paka yule angekufa mikononi mwetu, na huku tungekuwa tunamlaani mtu mwingine.

Ustadhi akatupeleka kwa mzee. Tulisimama mbele ya banda lake la kuku.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Paka anaendelea vipi?"

Tulimwambia yote, pamoja na yale tuliyoyasema majumbani. Alikuwa ameshayasikia. Alinyamaza muda mrefu, akiwamwagia kuku wake mtama, kisha akasema, "Paka mmempata. Na jina langu mtakwenda kulitafuta wapi?"

Hatukuwa na jibu. Alisema ametusamehe, lakini swali lile hakulirudisha. Basi siku hiyo baada ya dhuhuri tuligawanyika tena makundi matatu, tukazunguka nyumba zile zile, tukapiga hodi kwenye milango ile ile, tukasema kwamba tulimsingizia mzee na kwamba ndiye aliyemwokoa paka tuliyemfungia sisi. Kumtafuta paka kulikuwa kwepesi kuliko safari hii ya pili. Nyumba nyingine tulikuta watu wametoka, ikabidi turudi Jumapili, na nyingine Jumatatu. Yule mama wa mayai alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamtuma mtoto wake na trei.

Baadaye Ustadhi alitueleza habari za utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ambapo watu 1,210 waliopotelewa na paka waliulizwa walivyowatafuta. Katika paka waliopatikana, robo tatu walikuwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipopotelea. Basi ndugu msomaji, ukipotelewa na paka, kabla hujaenda mbali anza na nyumba yako. Fungua stoo, kabati na jiko, tazama darini na uvunguni. Paka mwenye hofu hujibanza, na mara nyingi haitiki hata akiitwa na anayemjua. Kwa hiyo usiite tu, nyamaza pia usikilize, hasa usiku wa manane au alfajiri wakati kumetulia. Kisha waombe majirani wafungue vibanda vyao. Waombe kwa adabu, kama mtu anayehitaji msaada, wala si kama askari anayefanya upekuzi.

Na dhana tuiogope. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.) ametukataza kufuata dhana nyingi na kusengenyana. Tulikuwa tukidhani aya ile inawahusu watu wazima wenye magomvi makubwa, kumbe hata watoto wanaotafuta paka inawafikia.

Abu Qatada (R.A.) alipotiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, akaja paka kutaka kunywa, alikiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Mkwewe alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa paka si najisi, naye ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Habari hii imo katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi. Anayetuzunguka anahitaji tumwangalie kabla hatujafunga mlango.

Siku hizi stoo yetu ina utaratibu wake. Kabla ya kupiga kufuli, mwenye ufunguo huingia ndani, huita mara moja, na sote hunyamaza tukasikiliza, hata upepo uwe mkali namna gani. Chui bado analala atakapo, na Alhamisi, siku ambayo sisi hatuji, vichwa vya perege huwekewa na babu wa kuku. Vifaranga wake amewajengea banda la wavu, na mbao za banda lile tulizibeba sisi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuyatende tunayoyahifadhi, na atusamehe kwa jina la mtu tulilolichafua. Na wewe msomaji, kama habari ile ya sumu ilikufikia, basi ifute, na umwambie uliyemsimulia.

Wabillahi tawfiq.