Redio za Upepo Nusura Ziwaumbue Vijana wa Harusi Kayanga

Washkaji wawili wa Kayanga, Karagwe, walipewa msafara wa bibi harusi kutoka Nkwenda, Kyerwa. Advansi walishaila. Mabondeni simu hukata, wakatafuta redio za upepo, kibali cha TCRA kwanza maana masafa hayavamiwi tu. Boksi liliahidi kilomita kibao. Siku ya majaribio, mmoja akashuka bondeni kwenye migomba: kimya!

Wakalaumiana weee. Kumbe chaneli moja, ila namba za msimbo tofauti. Wakazilinganisha, bado kilima kikaziba. Mawimbi ya redio hizi hupenda njia iliyonyooka. Zile kilomita za boksi ni za mahali peupe, na Karagwe jamani ni milima mitupu.

Suluhisho? Dogo mmoja akapandishwa kilima cha mwisho kabla ya mji, apokee huku, arushe kule. Nkwenda kwenyewe hazifiki, asidanganywe mtu. Antena wima, nje ya gari maana bodi nayo huziba. Bonyeza, subiri kidogo, ndio uongee.

Jumamosi ukumbini mama wa bwana harusi akaipokonya redio. "Mwanangu, mkwe wangu yuko wapi?"

"Shikamoo mama. Gari tano, wanapandisha."