Timgad, mji wa askari wenye maktaba

Kutoka Batna, mashariki mwa Algeria, barabara hupita kwanza Tazoult, palipokuwa na kambi ya Legioni ya Tatu Augusta, ndipo ikaelekea Timgad. Ni mwendo wa kilomita 35 hivi, na milima ya Aures hukusindikiza upande wa kulia. Anayedhani Algeria yote ni jangwa abebe sweta: hapa ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na majira ya baridi theluji huanguka.

Mji huu uliasisiwa na Kaisari Trajan mwaka 100 ili wastaafu wa legioni hiyo wapate makazi. Umbo lake ni la kijeshi, mraba wenye takriban mita 355 kila upande, barabara zimenyooka na kukatana, na mitaa inalingana. Wakazi walipouhama, udongo uliufunika na hakuna aliyejenga mji mwingine juu yake. Wafaransa walipoanza kuufukua mwaka 1881 waliukuta umetulia palepale, na mpaka leo mawe ya barabara kuu yana mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni.

Wageni wengi hukimbilia tao la Trajan, kisha ukumbi wa maonyesho uliokuwa ukichukua watu wapatao 3,500. Sina neno, vyote viwili vinapendeza. Lakini ukiwa na saa moja tu, iende kwenye barabara itokayo lango la kaskazini, kabla hujafika uwanja mkuu. Hapo ndipo penye maktaba.

Si kubwa. Unapanda ngazi kutoka barabarani, unaingia ua uliozungukwa na nguzo pande tatu, na mbele yako kuna ukumbi wa nusu duara. Ukutani mna nafasi zilizoachwa makusudi, mfano wa vidaka vya nyumba za mawe za Lamu, ila hizi zilikuwa za makabati ya mbao, na ndani ya makabati yalipangwa magombo ya mafunjo. Wataalamu hukadiria kwamba ukumbi ulitosha magombo 3,000 hivi. Katikati, mkabala na mlango, mna nafasi kubwa kuliko zote, mahali panapofaa sanamu. Simama hapo ugeuke nyuma. Ua wote unauona, na jua la Aures linamwagika kati ya nguzo. Utaelewa mara moja msomaji wa zamani, asiye na taa ila ya mafuta, alikokwenda kukunjulia gombo lake.

Magofu mengi ya Kirumi huitwa maktaba kwa sababu tu umbo lao linashawishi. Hapa jiwe limesema lenyewe. Maandishi yaliyochimbuliwa yanamtaja Marcus Julius Quintianus Flavius Rogatianus, mtu wa daraja la maseneta, aliyeiachia Timgad fedha katika wasia wake, naye anautaja kuwa ni mji wake wa nyumbani. Gharama nayo imechongwa: sesterti 400,000. Zama za Trajan askari wa legioni alilipwa sesterti 1,200 kwa mwaka. Mishahara ilipanda baadaye, kabla maktaba haijajengwa, lakini hesabu hiyo inatosha kukuonyesha uzito wa zawadi. Jengo lilikamilika mwenyewe ameshafariki.

Ninampenda mtu huyu. Timgad ilikuwa na mabafu ya umma zaidi ya kumi, na kwenye sakafu ya uwanja mkuu mtu alichonga ubao wa mchezo wenye maneno yanayosema kwamba kuwinda, kuoga, kucheza na kucheka ndiko kuishi. Waongozaji hulionyesha jiwe hilo kwa furaha, na ni haki yao. Hatua chache kutoka hapo, Rogatianus aliongeza jambo la tano. Angeweza kujenga bafu jingine na watu wakamsifu. Akachagua vitabu, tena katika mji wa mpakani uliozaliwa kwa ajili ya wanajeshi.

Wala hakuwa mpweke katika mapenzi hayo. Nchi hii ya Numidia iliupa ulimwengu wa Kilatini Apuleius, mzaliwa wa Madauros, na Augustino wa Thagaste, mji unaoitwa leo Souk Ahras. Waafrika hawa waliandika Kilatini ambacho Roma yenyewe ilikisoma, na Augustino, akiwa askofu, alimshambulia vikali kwa kalamu Optatus, askofu wa Timgad wa upande wa Wadonatisti, Wakristo wa Afrika waliojitenga na Kanisa Katoliki.

Kwa hiyo usirudi Batna moja kwa moja. Ukiwa na gari na siku ya ziada, endelea kaskazini-mashariki hadi M'daourouch, ndiyo Madauros ya kale. Augustino alisoma hapo alipokuwa kijana, kabla ya kupelekwa Carthage. Timgad yenyewe ifikie asubuhi na mapema, na uianze kwa lango la kaskazini.