Sauti Zilizoukataa Ubao

Kwaya za shule nchini Kenya zimelelewa na solfa. Mwalimu huandika d, r, m ubaoni, watoto wakaimba herufi hadi sauti zikae, ndipo wapewe maneno. Ndivyo nilivyofunzwa, na nilipoanza kufundisha Isiolo sikujua njia nyingine. Kwa wimbo wa soprano, alto, teno na besi, solfa inatosha; mpaka leo siiachi.

Nyimbo za kienyeji ndizo zilizonitatiza. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huzitengea nafasi yake, na huku kwetu jamii ni nyingi: Waborana wa Garba Tulla na Merti, Wasamburu na Waturkana wa Oldonyiro, Wasomali, Wameru. Sasa mwandikie mtoto kwa solfa ule mngurumo wa kooni wa morani wa Kisamburu! Hauna herufi. Wala hakuna alama ya namna Waborana wanavyopokezana ndoo na wimbo kisimani, sauti moja ikidakia kabla nyingine haijaisha. Ubao ulibeba lahani tu. Pumzi na mkwaruzo vilibaki kwa wazee.

Redio kaseti ilitusogeza. Tulimrekodi mzee, tukamsikiliza darasani. Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo utepe tuliurudisha nyuma kwa kalamu, na betri zilizochoka tukazianika juani. Zikififia, utepe ulikwenda polepole na sauti ikashuka; kwaya ikajifunza wimbo chini kuliko alivyouimba mzee, na mwendo umepoa. Kutafuta kipande kimoja cha kurudia kulimeza nusu ya kipindi.

Simu iliyamaliza hayo. Kisha ikaja kompyuta yenye Audacity, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000. Humo napunguza mwendo bila kushusha sauti, jambo ambalo kaseti haikuliweza, na narudia sekunde chache tu mpaka mtoto asikie mahali waitikiaji wanapoingia. Upepo wetu, unaonguruma ndani ya simu, tunaukwepa kwa kurekodi alfajiri.

Lakini badiliko kubwa zaidi ni kwamba watoto walianza kujisikia. Zamani nikisema "mnashuka", waliniamini tu. Sasa nawachezea sauti yao, kisha ya bibi aliyetuimbia, nanyamaza. Wenyewe hutambua nani amekimbia na neno gani limetamkwa kigeni. Mtoto wa Kiturkana humsahihisha wa Kiborana, na wimbo ukibadilika husahihishwa yeye.

Katika kurekodi huku, kazi ya studio ya Ketebul Music ya Nairobi imenitia moyo. Mradi wa Singing Wells, ambao Ketebul wanashiriki, una jina lililotokana na visima vya wafugaji wanaoimba wakinywesha mifugo, nao huwarekodi wanamuziki huko huko kwao.

Hofu yangu ni kwamba rekodi hugandisha wimbo. Mwimbaji wa kisimani hubadilisha maneno, akamsifu ng'ombe aliye mbele yake. Mtoto aliyesikiliza rekodi moja tu huiga hata kikohozi. Ndiyo maana tunatafuta waimbaji wawili au watatu wa wimbo ule ule, kisha kila kikundi hutunga ubeti wake. Nakala hubaki na familia ya mwimbaji kwenye memori kadi, na jina lake huandikwa kwenye faili kabla ya jina la shule.