Moto Kwanza: Kumbukumbu za Mtumishi wa Maabara

Nilizaliwa Butiama, katika nyumba ambamo kibuyu cha maziwa kilikuwa na heshima yake. Mama yangu alikisuuza kwa maji ya moto, akatia maziwa aliyokwisha kuyachemsha na kuyapoza, akachanganya na mgando kidogo wa jana, kisha akakitundika mpaka maziwa yagande barabara; nasi watoto hatukuthubutu kukigusa kabla ya idhini yake. Sikujua zama hizo kwamba ndani ya kibuyu kile mlikuwa na vita ambayo ingekuwa kazi ya umri wangu wote, yaani vita baina ya tindikali na vijidudu.

Nilipohitimu ufundi wa maabara nilipangiwa kazi Musoma. Mwaka 1997, kipindupindu kilipoienea Tanzania hata wakaandikwa wagonjwa 40,249 na vifo 2,231, nilikesha usiku mwingi mezani pangu. Choo cha mgonjwa tulikitia katika maji ya peptoni yaliyokolezwa ukali wa namna ya magadi, pH 8.5 hivi, saa sita baadaye tulichota utando wa juu tukaupaka katika sahani ya kuoteshea vijidudu iitwayo TCBS, na kesho yake, kama mdudu yumo, tuliona makundi ya rangi ya manjano. Kazi ile ilinifundisha kwamba mdudu wa kipindupindu hustawi katika magadi, bali tindikali ni adui yake. Katika majaribio ya watu waliojitolea huko Marekani ilidhihirika kwamba tumbo lenye siha huwaua wadudu hawa kwa wingi, hata ili mtu augue hutakiwa vijidudu kiasi cha milioni 100. Lakini mtu akinyweshwa kwanza dawa ya kutuliza tindikali ya tumbo, milioni 1 hutosha.

Kwa maarifa hayo nikawa na bidii iliyotangulia busara. Nilizunguka vijiji vya Bunda nikiwausia kina mama wauache uji wa ulezi uchache kabla ya kuwapa watoto, nikisema kwa yakini kwamba uchachu huua maradhi. Mama mmoja alinitii. Uji wake ulipochacha aliuona mzito, akauzimua kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa, akamnywesha mwanawe papo hapo. Siku ya tatu mtoto alishikwa na kuhara damu, na sampuli yake ilipoletwa maabara, ni mikono yangu mwenyewe iliyomwotesha Shigela, mdudu wa kuhara damu. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini maneno yangu yaliniuma, nikarudi vitabuni kwa unyenyekevu.

Huko nilikuta kwamba vijidudu havilingani kwa ustahimilivu. Tindikali huua kwa kupenyeza chembe zake za haidrojeni ndani ya seli. Shigela, na jamaa yake E. koli, wamerithi jeni ziitwazo gadA na gadB, zinazounda kimeng'enya kinachoitwaa glutamati na kuigeuza GABA, na katika kugeuka huko chembe moja ya haidrojeni humezwa. Jeni ya tatu, gadC, huunda mlango wa kuitoa GABA nje na kuingiza glutamati mpya. Ndivyo afanyavyo mvuvi wa Mwigobero ambaye mtumbwi wake unavuja: hawezi kuyazuia maji yasiingie, lakini huyafua kwa kopo bila kukoma, akafika pwani salama. Kwa hiyo Shigela kumi hadi mia huweza kumwangusha mtu. Hata kipindupindu, pamoja na udhaifu wake, kina jeni cadA inayofanya kazi ya namna hiyo kwa kutumia laisini.

Lililonitia hofu zaidi ni walilolionyesha wanasayansi Foster na Hall mwaka 1990 kuhusu kijidudu kingine, Salmonela: waliotangulia kuonjeshwa uchachu mdogo wa pH 5.8 waliweza kuhimili ukali wa pH 3.3 mara mia na zaidi kuliko wasioonjeshwa. Chakula kilichochacha nusu, basi, huweza kumzoeza mdudu badala ya kumuua, akaingia tumboni amekwisha kujiandaa.

Hapo nilimkumbuka mama yangu. Hakujua jeni wala pH, lakini hakupata kutia kibuyuni maziwa ambayo hayajapita motoni, wala kuyatoa kabla hayajaganda barabara. Nami, mwanawe niliyesoma, nilichukua nusu ya elimu yake na kuiacha nusu. Tangu siku ile, kwa miaka yote iliyobaki ya utumishi wangu, nilifundisha mambo yote mawili kwa utaratibu wake, na ndiyo wasia ninaomwachia kila mlezi wa mtoto katika mkoa wa Mara: chemsha kwanza, chachua mpaka ukamilifu, na kilichokwisha kuchacha usikizimue kwa maji ambayo hayajachemka.