Nukta na Kidole Gumba

Mshahara wangu ulitoka kwenye hisabati ya shule ya msingi, lakini watu wengi wa wilaya yetu walinijua kama mshika saa. Msimu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ukifika, nilipewa stopwochi nikasimama mstari wa mwisho. Kwangu ilikuwa kazi ileile: darasani tulipanga desimali kwa kupanda na kushuka, uwanjani tukazipanga tena, safari hii kukiwa na wazazi wanaopiga kelele.

Mwaka mmoja karani wa miruko mirefu aliandika 4.4 kwa mtoto mmoja na 4.35 kwa mwingine. Mwalimu mkuu wa yule wa pili akanijia juu. “Mwalimu, wewe si ndiye wa hesabu? Thelathini na tano na nne, ipi kubwa?” Nikamwambia, “Mkuu, hiyo nne ni ya sehemu za kumi. Iwekee sifuri mwishoni.” Nikavuta utepe mchangani: sentimita 40, halafu sentimita 35. Akanyamaza, ingawa hakufurahi. Karani naye nilimkatalia kabisa kudondosha sifuri tena. Kwenye kitabu cha hesabu 4.4 na 4.40 ni kitu kimoja. Kwenye karatasi ya matokeo ya sentimita, hiyo sifuri inazuia ugomvi.

Kwenye mbio mambo hugeuka, aliye na namba ndogo ndiye bingwa. Hilo watoto walilishika upesi kuliko nilivyotarajia. Waliosumbua ni watu wazima, hasa zilipokuja saa za kidijiti zinazoonyesha sehemu za mia. Mtu anasoma 13.41 kwenye saa ya mkononi, basi anaiamini kama msahafu. Lakini aliyebonyeza ni kidole gumba! Ndiyo maana kanuni inataka muda wa saa ya mkono katika mbio za uwanjani upandishwe hadi sehemu ya kumi inayofuata: 13.41 inakuwa 13.5, wala si 13.4. Washika saa wakiwa watatu na kila mmoja ana lake, tunachukua la katikati. Hapo ndipo unapojua kupanga namba ni kazi ya watu.

Washika saa wageni niliwafundisha kutazama moshi wa bastola ya kuanzisha mbio, wasingoje mlio. Sauti hutumia karibu sekunde 0.3 kuvuka mita 100, kwa hiyo anayengoja mlio anampunguzia mtoto muda alioukimbia. Shule nyingi hazikuwa na bastola, tuligonga mbao mbili, nami nikawaambia watazame mbao zinapokutana.

Darasani mfano wangu nilioupenda ulikuwa Filbert Bayi, Christchurch, 1974. Alikimbia mita 1500 akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun ya 3:33.1, na John Walker aliyemfuata akapita chini ya rekodi hiyohiyo. Muda wa Bayi utaukuta umeandikwa 3:32.2, na kwingine 3:32.16. Niliziandika ubaoni sekunde hizo mbili, 32.2 na 32.16, nikauliza ipi ndogo. Nusu ya darasa walisema ya kwanza, maana ni fupi. Nikaongeza sifuri, 32.20, mikono ikaanza kushuka. Kisha nikawaambia ni mbio moja, na mtu mmoja.

Tarakimu zikizidi, binadamu hutamani kuzitumia zote. Munich mwaka 1972, kwenye kuogelea mita 400 mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson na Tim McKee walifungana kwa 4:31.98. Waamuzi wakaenda hadi sehemu za elfu: 4:31.981 dhidi ya 4:31.983, dhahabu ikaenda kwa Larsson. Mimi naona walikosea, kwa sababu hakuna fundi anayejenga bwawa lenye njia zinazolingana kwa kiasi hicho. Baadaye kanuni ikarudishwa kwenye sehemu za mia. Rio mwaka 2016, mita 100 kipepeo, waogeleaji Phelps, le Clos na Cseh waligusa ukuta wote kwa 51.14, wakapewa medali ya fedha wote watatu, na shaba haikutolewa.