Aliyeisoma Picha ya Mjomba

Mjomba alianguka na bodaboda mwezi wa tano, akitoka shambani na dumu la maji limefungwa nyuma. Alitanguliza mkono wa kulia. Hospitalini (sitaitaja, na mtaona kwa nini) alipigwa eksirei, picha ikasomwa, akaambiwa hakuna kilichovunjika. Akapewa bandeji na dawa za maumivu, akarudi kupuliza salfa kwenye mikorosho yake.

Mimi nilifika Newala mwezi wa saba kwa BTP. Wenzangu waliomba mjini, mimi niliomba nyumbani ili bumu lisiishie kwenye kodi ya chumba. Siku ya kwanza tu nikamwona Mjomba ananyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto.

"Mjomba, mkono bado?"

"Umeteguka tu, mpwa wangu. Walisema hamna kitu."

Hiyo "hamna kitu" alikuwa ameitumia miezi miwili kama dawa. Mkono ukimuuma usiku, anajikumbusha kwamba hamna kitu, anageukia upande mwingine.

Mwezi wa nane tulimlazimisha kwenda kupiga picha nyingine, hospitali nyingine. Daktari wa huko aliiweka kwenye taa, akanionyesha mstari mwembamba mweusi katikati ya mfupa mdogo ulio chini ya dole gumba. Unaitwa skafoidi, una ukubwa wa korosho hivi. Ukiinua dole gumba juu, kishimo kinachojitokeza kwenye kifundo ndipo ulipo. Shida yake ni damu. Sehemu kubwa ya damu huingia mfupa huo kwa upande wa vidole, halafu hurudi nyuma kuelekea mkononi. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinabaki na njaa. Kinaweza kukataa kuunga, kinaweza hata kufa, na baada ya hapo kifundo kizima huanza kulika. Mjomba ana miaka 51 na maisha yake yote yamo mikononi.

Nilikasirika sana. Nilitaka jina la aliyeisoma ile picha ya kwanza, na nilishaanza kuandika barua kichwani. Daktari akanikata maneno. Akasema inawezekana kabisa kwamba ile picha ya mwezi wa tano haikuonyesha chochote, kwa sababu ufa wa mfupa huu mara nyingi hauonekani siku za mwanzo. Ndiyo maana mgonjwa akiumia pale kwenye kishimo unapobonyeza, hufungwa mkono hata kama picha ni safi, na huambiwa arudi kupigwa nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Mjomba hakubonyezwa wala hakuambiwa arudi.

"Na yule wa kwanza anajua?" nikauliza.

Akanitazama kama nimemuuliza mshahara wake. "Atajuaje?"

Hilo "atajuaje" ndilo lililoninyima usingizi. Nikaanza kusoma kwa simu, pale nje ya nyumba ambapo mtandao unashika. Kumbe kukosea kusoma picha ni jambo la zamani na limepimwa. Mwaka 1949 daktari mmoja wa Marekani, L. H. Garland, alionyesha kwamba kwenye picha za kifua zenye ugonjwa, wasomaji wazoefu walipitwa na karibu asilimia 30. Mwaka 2013 watafiti wa Boston walipachika picha ya sokwe ndani ya picha za CT za mapafu, sokwe mkubwa mara 48 ya uvimbe mdogo ambao wataalamu walikuwa wanautafuta. Wataalamu wa radiolojia 24 walizipitia. Ishirini hawakumwona sokwe. Hawakuwa wavivu wala vilaza. Walikuwa wanatafuta kitu kingine, na jicho linaona linachotafuta.

Ndipo nikaelewa kwa nini daktari bingwa aliyeshahitimu zamani bado anafuatwafuatwa. Marekani, bodi yao ya radiolojia ilikuwa ikitoa cheti cha maisha. Kuanzia 2002 ikaanza kutoa cha miaka kumi, na mwaka 2019 ikaanzisha utaratibu wa kutuma maswali mawili kila wiki: unajibu ndani ya muda mfupi, na hapo hapo unaambiwa umepata au umekosa, na kwa nini. Zaidi ya hapo mtu anatakiwa aonyeshe kitu alichokiboresha pale anapofanyia kazi. Nilivyosoma nikawaza sisi tunaoogopa sapu. Wao wana testi kila wiki mpaka wastaafu.

Kwetu pia sheria zipo. Wataalamu wa mionzi wana baraza lao kwa sheria ya 2007, madaktari wana sheria ya 2017, na leseni inakwenda pamoja na mafunzo endelevu kazini. Mashine yenyewe inakaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomu. Kwa hiyo mashine ina mkaguzi, na mtu anahesabiwa mafunzo yake. Swali langu lilibaki kwenye kile kitu cha katikati, yaani yale maneno mawili, "hamna kitu". Mtu anaweza kuhudhuria semina kumi, akasaini karatasi ya mahudhurio na kunywa soda, na bado asijue kwamba mwezi wa tano kuna mkono ulimpita.

Ningeishia hapo ingekuwa rahisi. Tatizo ni karatasi 47.

Mwezi huo huo nilitoa testi ya Baiolojia kidato cha pili, mchoro wa moyo. Mnajua mchoro wa moyo: upande wa kushoto wa moyo uko kuliani kwa anayetazama. Nilitengeneza majibu usiku, nimechoka, nikageuza pande. Nikasahihisha karatasi 47 hivyo hivyo. Binti mmoja wa dawati la tatu alinyoosha mkono: "Madam, hapa mimi nimepata." Nikamwambia akae, tutaongea baadaye. Baadaye haikuja. Baada ya wiki moja mwalimu mwenzangu akaiona karatasi mezani, akacheka, akanionyesha. Nikamshukuru, na nikanyamaza. Alama zilikuwa zimeshaingia kwenye daftari, na BTP inakaribia kuisha. Nani atajua?

Mnaona sasa kwa nini sitaji hospitali.

Nilizikusanya zile karatasi upya, nikazisahihisha mbele yao. Wanafunzi kumi na tisa walipanda. Darasa zima lilicheka, isipokuwa yule binti. Yeye aliipokea karatasi, akaikunja, akaendelea kuandika. Sidhani kama amenisamehe. Tunasema MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na sheria ya 2018 inayohusu bodi ya kitaaluma na leseni za walimu, lakini ukweli ni kwamba aliyenifundisha mwezi ule ni mtoto niliyemkalisha chini.

Wiki ya mwisho nilichukua picha zote mbili kwenye bahasha ya kaki, nikaenda hospitali ya kwanza. Sikupeleka barua. Nilimkuta mtaalamu wa mionzi, kijana mchangamfu, akanionyesha hata daftari lake la picha zilizoharibika: mgonjwa alitikisika, imekuwa nyeusi mno, mkao haukuwa sawa. Kila mwisho wa mwezi anazihesabu kwa sababu, ili ajue cha kurekebisha. Nikamuuliza kama kuna daftari la picha zilizosomwa vibaya. Akatabasamu, akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa mdogo kuliko nilivyomchora kichwani, labda ananizidi miaka sita. Nilimwamkia, nikajieleza, nikasema sikuja kulalamika. Aliitazama picha ya kwanza muda mrefu, akaisogeza dirishani, akairudisha kwenye taa. Kisha ya pili. Aliuliza tarehe ya ajali. Akabonyeza kishimo cha mkono wake mwenyewe, taratibu, kama anautafuta huo mfupa kwa mara ya kwanza.

"Naomba nizipige kwa simu," akasema. "Nikawaonyeshe wenzangu asubuhi kwenye ripoti. Jina lake nitalifunika."

Nikamwambia sawa. Mlangoni akaniita tena. "Mwalimu, bado anaumwa?"

Nilimkuta Mjomba chini ya mwembe, hogo jeupe mpaka karibu na kiwiko. Wamempa muda, mfupa ukikataa kuunga atapelekwa Mtwara kwa upasuaji. Nikamsimulia yote.

"Alikasirika?"

"Hapana, Mjomba. Aliuliza kama bado unaumwa."

Akalitazama lile hogo, akaligonga mara mbili kwa kidole. Kisha akauliza mwezi wa kumi ni nani atamwokotea korosho, kwa kuwa mimi narudi chuo.