Kikao Kinachoitwa Baba

Laptopu yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imeshatumika. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4, na programu ya kuandikia niliyokuwa nayo ilichelewa kufunguka kiasi kwamba nilikuwa nabofya, naenda jikoni kubandika maji ya chai, narudi, bado kiduara kinazunguka. Kwa habari za gazeti haikunisumbua sana. Habari unakuja nayo kwenye daftari, inakusubiri. Shida ilikuwa ile sentensi inayokujia ukiwa unapiga mswaki. Hiyo haisubiri mtu.

Rafiki yangu mmoja anayetengeneza programu alinihurumia, akaniwekea Emacs. "Hiki ni kihariri tu," akasema. "Hakina mbwembwe. Unaandika maneno, yanakaa." Nilicheka nilipojua historia yake. Kilianza mwaka 1976 pale MIT, Marekani, na toleo la GNU la Richard Stallman likatoka mwaka 1985. Yaani kimenizidi umri. Na enzi hizo chenyewe ndicho kilichosemwa kuwa kizito! Watu walitania kwamba kinameza megabaiti nane nzima na bado kinaisumbua diski. Megabaiti nane leo hazitoshi hata video fupi ya harusi kwenye simu.

Mpinzani wake, vi, aliandikwa na Bill Joy akiwa Berkeley miaka hiyohiyo, akitumia modemu ya baudi 300, ambayo hupitisha takriban herufi 30 kwa sekunde. Ndiyo maana amri za vi ni herufi mojamoja: skrini ilikuwa inaburuta miguu, kwa hiyo mwandishi asilazimike kuandika mengi ili kupata kidogo. Nilipoisoma habari hiyo niliona kumbe mimi na kiduara changu hatukuwa wa kwanza kuteseka.

Hata hivyo, baada ya kukipamba kihariri changu na nyongeza za kila aina, nacho kikaanza kuchelewa. Rafiki yangu akanifundisha mbinu nyingine. Tangu toleo la 23, la mwaka 2009, Emacs inaweza kuwashwa mara moja ikabaki nyuma kama seva, bila dirisha lolote. Ukitaka kuandika, unafungua dirisha tu, na linatokea papo hapo. Ukilifunga, seva inabaki na faili zako zote, na kila moja inakumbuka ulipoishia. Ni kama jiko la mkaa ambalo mwenye nyumba hauachi moto ufe: ukitaka kupika unafukua majivu, unapuliza, unabandika sufuria.

Nilifurahi kama mtoto. Lakini raha hiyo ilikuja na balaa lake.

Kila kitu kilikuwa ndani ya chungu kimoja. Habari za bajeti, mahojiano, orodha ya madeni, na insha niliyokuwa nimeanza kuandika kuhusu baba yangu. Jioni moja, nikikimbizana na muda wa mwisho, nilibandika kipande nisichokusudia na kutuma bila kusoma tena. Baada ya dakika kumi mhariri akapiga simu.

"Samahani kidogo. Huyu mwalimu aliyemzika mtoto wake amehusika vipi na bei ya korosho?"

Niliomba radhi, nikasema nimechanganya faili. Hakuuliza zaidi, nami sikueleza. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Mtoto aliyezikwa ni kaka yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Baba alikaa kimya juu ya habari hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha akanisimulia mchana mmoja barazani kwetu Tanga, nami nikaimwaga katikati ya korosho.

Kesho yake nikatenganisha. Emacs inakubali kuendesha seva zaidi ya moja, kila moja na jina lake. Ya kwanza nikaiita "kazi". Ya pili nikaiwasha hivi:

emacs --daemon=baba

Kuanzia hapo, faili za huku hazikuonekana kule. Nikiwa kazini sikuiona insha hata kwa bahati mbaya, na nikiingia kwa baba sikukuta kiporo cha habari kikinikodolea macho. Kikao cha "kazi" nilikizima na kukiwasha nilivyotaka. Cha "baba" sikukizima kabisa. Nilifunga laptopu ikalala, nikaifungua, nikaendelea nilipoachia. Wiki saba zikapita.

Kila Jumapili baba alikuwa ananipigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ile habari yetu umefika wapi?"

"Bado naendelea nayo, baba. Nimeifungua hapa."

Na kweli ilikuwa imefunguliwa. Ndiyo hatari ya kikao kisichofungwa: unaiona kazi iko wazi, unadhani unaifanya. Nilichokuwa nafanya siku nyingi ni kuchezea maneno. Nafuta hili, napachika lile, naipiga sentensi pasi mpaka inang'aa.

Mwishowe nikasafiri kwenda Tanga na laptopu yangu. Macho ya baba hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo nikakaa pembeni yake nikamsomea. Alisikiliza bila kunikatiza, mpaka nilipofika siku ya maziko. Nilikuwa nimeandika kwamba mwalimu yule aliuficha uchungu wake ndani ya kazi, kama mtu afukiaye kaa la moto kwa majivu. Baba akainua mkono.

"Hapo, mwanangu. Hayo siyo maneno yangu."

"Ulisemaje, baba?"

Akafikiri kidogo. "Sikumbuki. Lakini sikusema hivyo."

Daftari langu lilikuwa Dar es Salaam. Sikuwa nimerekodi sauti. Nikakumbuka kwamba kikao hiki sikuwahi kukizima tangu nilipoipiga chapa simulizi yake kwa mara ya kwanza. Emacs huweka kumbukumbu ya kila badiliko maadamu seva iko hai. Kumbukumbu hiyo ina kikomo chake, ila insha yangu ilikuwa fupi. Nikaanza kutendua. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kaa la moto likaondoka. Majivu yakaondoka. Sifa nilizompachika zikapukutika mojamoja, aya zikarudi zilikotoka, mpaka ikabaki sentensi moja isiyo na pambo lolote. Nikamsomea:

"Tulimzika asubuhi, mchana nikarudi darasani, maana hesabu za darasa la nne zilikuwa hazijasahihishwa."

Baba akatikisa kichwa polepole. "Enhee. Hesabu za kugawanya." Kisha akaniambia jina la mtoto aliyekuwa amezipata zote siku ile, na akanyamaza muda mrefu.

Jioni ile niliinakili sentensi yake kwenye faili la pembeni, nikaweka tarehe. Kwa mkono pia niliiandika, kwenye karatasi. Maana nilijua vizuri kwamba betri ingekata, au seva ingekufa, yale yote niliyoyafukua yangekwenda nayo. Faili lililohifadhiwa lingebaki, ila lingekuwa na maneno yangu tu, si yake.

Siku hizi kila asubuhi nahifadhi nakala mpya ya ninachoandika, yenye tarehe, na ya kwanza huwa ni maneno ya msimuliaji kama alivyoyasema. Siigusi. Vikao viwili bado ninavyo. Lakini cha "baba" nilikizima nikiwa bado Tanga, baada ya kumsomea insha nzima mara ya pili na yeye kusema, "Sasa ndiyo."